Pichi Ndani ya Divai

Kengele ya chakula cha jioni ilipolia, Mama alifanya alichofanya kila jioni katika Hoteli Ondina. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akapaka rangi ya midomo, akaibana midomo yake juu ya karatasi laini, akasema, "Haya, Delia, twende kabla supu haijapoa," ingawa mwezi wa nane hakuna anayepika supu. Nilichukua ufunguo na kipande chake kizito cha shaba, tukashuka. Ukumbini tulipita katikati ya meza tukisalimu kulia na kushoto, kwa sauti ndogo, kama watu waliochelewa kanisani, tukielekea kwenye meza yetu kando ya dirisha. Pale chupa ya divai ya jana ingekuwa inatungoja, imefungwa kizibo chake, na namba ya chumba chetu, kumi na nne, imeandikwa kwa kalamu juu ya nembo.

Chupa ilikuwapo. Na Baba alikuwapo.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kile kinachotazama mlango wa jikoni, amevaa shati jeupe la mikono mifupi, anamega mkate. Alipotuona, mkono wake ulisimama hewani na kipande cha mkate. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile mbele ya watu wenye leso shingoni.

Baba alikuwa ameondoka nyumbani kwetu Turin mwezi wa kumi na moja, Jumapili, baada ya kuosha vikombe. Tangu siku ile yeye na Mama walisemezana kupitia wakili, na pale wakili alipokuwa ghali mno kwa jambo dogo, kupitia kwangu. Mwambie baba yako bomba la maji moto linavuja. Mwambie mama yako alifunge kwa chini, upande wa kushoto. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza chuo, na kila usiku nilikuwa bado naomba kama mtoto wa darasa la kwanza: Baba arudi nyumbani. Sikuwa na ombi jingine.

"Hatimaye!" alipiga kelele Bwana Gualtiero kutoka meza ya jirani. Yeye na mkewe, Bi Piera, walitoka Novara, na walikuwa wakikaa meza ile tangu mimi sijaota meno. "Mheshimiwa wa matairi amefika! Nives, mama, tulishaanza kumtafutia Delia baba mwingine. Yule mpishi tulimwona anafaa."

Ukumbi mzima ulicheka. Mama alisimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Kisha akakivuta, akaketi, akafungua leso yake.

"Treni zilichelewa," alisema kwa sauti ya kutosha meza tatu.

"Treni!" alisema Bwana Gualtiero. "Mwaka jana karakana, mwaka huu treni. Elvio, mwakani sema umetekwa na majambazi, tutakuamini."

Baba alicheka kidogo. Halafu wakaanza kuzungumza, yeye na Mama, midomo ikitabasamu na meno yakiwa yamebana.

"Unafanya nini hapa?"

"Ulisema unakwenda milimani kwa dada yako."

"Nilibadilisha mawazo."

"Nives, mimi nilipiga simu tangu mwezi wa pili. Nikasema tu jina langu, na—"

"Na ukasema kama kawaida."

"Sasa ningesema nini? Bi Ersilia angeanza kuniuliza hujambo wewe, hajambo mtoto. Mambo yale si ya kusemwa kwenye simu. Niliona nitamweleza nikifika."

"Kula mkate wako. Piera anatutazama."

Katika Hoteli Ondina hapakuwa na namna nyingine ya kupanga chumba. Ulipiga simu kabla ya Pasaka, ukataja jina, ukasema kama kawaida, na Bi Ersilia, mwenye hoteli, akajua: chumba kile, meza ile, mwavuli mstari wa tatu ufukweni, bila kitunguu kwenye saladi ya Mama. Na kawaida yetu ilikuwa kwamba Mama na mimi tunatangulia, Baba anafuata karakana yake ya magari ikishafungwa kwa sikukuu ya katikati ya Agosti. Kwa hiyo simu mbili kutoka kwa familia moja hazikumshangaza mtu. Baba alifika, akamkuta Bi Ersilia mlangoni, akabusiwa mashavu yote mawili, akasukumwa mezani kabla hajafungua kinywa.

Baada ya chakula tuliingia kwenye kijichumba nyuma ya mapokezi. Bi Ersilia, ambaye alikuwa mjane mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, aliposikia habari alikaa chini juu ya rundo la mataulo.

"Bikira Maria! Na mimi sanduku lake nimeshalipandisha! Nimeliweka kitandani, upande wake!" Alishika mashavu. "Hoteli imejaa mpaka darini. Watu wa Bergamo wamelaza mtoto kwenye beseni la kuogea. Lakini Bi Nives, mbona nilipo—"

"Bi Ersilia," Mama alimkata, "kile kitanda cha kukunja bado kipo kwenye chumba cha kupigia pasi?"

Bi Ersilia alimtazama Mama. Alivaa miwani, akamtazama tena.

"Kipo," alisema polepole.

"Basi. Atapanda kwa ngazi za nyuma. Hapa nani anahitaji kujua?"

"Naweza kuondoka kesho asubuhi," alisema Baba.

"Gualtiero amekuona. Ukiondoka kesho, mpaka kesho kutwa Novara nzima itakuwa na habari zangu. Utakaa. Utakula. Utakuja ufukweni. Sikukuu ikipita, utasema karakana imekuita."

Baba aliinamisha kichwa, na mimi nilichukua ufunguo. Sikujua kama nifurahi.

*

Asubuhi Baba alishuka kwenye kifungua kinywa akinukia wanga wa mashuka. Mama alimmiminia kahawa bila kumuuliza. Watu walikuwa wanatazama, naye alimiminia kwa ajili ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini sukari alimtilia kijiko kimoja na nusu, na ile nusu Bi Piera asingeweza kuiona kutoka alipokaa.

Ufukweni waliketi kwenye viti vyao vya siku zote, chini ya mwavuli wetu, gazeti katikati. Baba ana miguu myeupe kama maziwa, na kila mwaka siku ya kwanza huungua nyayo kwenye changarawe na kukimbilia maji akirukaruka. Akafanya hivyo hivyo. Mama alikuwa anasoma, akainua macho, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Aliweka gazeti usoni. Mabega yalikuwa yanatetemeka nyuma ya gazeti, nami niligeuka kutazama maboya.

Mchana walicheza karata dhidi ya Bwana Gualtiero na mkewe.

"Nyie mnaibiana ishara," alilalamika Bwana Gualtiero. "Nimeona jicho likikonyeza. Nives amefanya jicho."

"Jua linanichoma, Gualtiero."

"Jua gani, tuko chini ya mwavuli! Piera, wewe mbona hunifanyii jicho?"

"Nilikufanyia mwaka wa sabini na tisa," alisema Bi Piera. "Ona lilinifikisha wapi."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na Mama akampigapiga mgongoni, kisha akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akaurudisha kwenye karata.

Jioni ya pili tulikula tambi za majani ya rihani na dagaa waliojazwa mboga, na mwishoni yakaja matunda. Kwa kawaida Baba hali pichi hivi hivi. Kwao, vilimani, pichi humenywa, ikakatwa vipande ndani ya glasi ya divai nyekundu, vikakaa kidogo, vikaliwa kwa uma, na divai ikanywewa mwisho. Tangu walipooana Mama ndiye aliyemkatia. Jioni ile alichukua pichi, akaanza kumenya, ganda likishuka kama utepe, na katikati akasita. Kisu kilisimama. Niliona amekumbuka. Akatazama meza ya jirani, kule Bwana Gualtiero alikuwa amezama kwenye tikiti maji na hatutazami kabisa. Kisha akaendelea. Alikata kipande kwa kipande ndani ya glasi ya Baba, taratibu, divai isije ikaruka.

"Asante," alisema Baba.

Usiku ule Mama alipovua nguo niliona kwenye kabati gauni la kijani nisilolijua. Lilikuwa bado na kikaratasi cha duka shingoni. Mama hajawahi kununua gauni kwa ajili ya Hoteli Ondina. Huku tunavaa vya mwaka juzi. Nililigusa, nikafunga mlango wa kabati, na kitandani nikaanza kupanga mambo. Tutarudi Turin wote kwa treni moja. Baba atapakia masanduku juu. Yale makopo yake ya rangi bado yako ghalani, hatukuyatupa. Nililala nikiwa na furaha ambayo nilikuwa naionea aibu.

*

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu, Baba aliniomba nimsindikize kununua mkate wa mafuta, ule mpana wa chumvi, kwa mwokaji aliye nyuma ya reli. Tulipita chini ya daraja la treni, pale panaponuka bahari na mkojo wa paka. Mwokaji alitufungia mkate kwenye karatasi. Ulikuwa wa moto, niliushika kifuani.

Njiani kurudi, Baba alisimama mbele ya duka la ndoo na maboya ya watoto.

"Delia. Nilitaka usikie kwangu."

Nilijua. Mtu hasimami mbele ya ndoo za plastiki bila sababu.

"Kuna mtu," alisema. "Anaitwa Loredana. Anafanya kazi kwenye duka la dawa, mjini Biella. Ni mtu mzuri. Mwezi wa tisa nitahamia kwake."

Nilitazama ndoo. Zilikuwa na umbo la ngome.

"Mama anajua?"

"Nitamwambia kabla sijaondoka."

"Mwambie leo, Baba."

Alipangusa jasho shingoni kwa leso. Niligundua kwamba alikuwa anapendeza, amekata nywele vizuri, na kwamba kuna mtu mahali fulani aliyemwambia akate hivyo.

"Leo anacheka," alisema. "Si unamwona mwenyewe? Tangu lini hujamwona anacheka? Mimi nitamwendea vipi leo, mwanangu?"

Nilitaka kumwambia: usimchekeshe basi. Usirukeruke kwenye changarawe. Usimpe glasi yako. Nilikuwa na mengi, na yote yalikuwa sahihi, lakini maneno yangu hunijia watu wakishaondoka mezani. Nilisema tu, "Mkate unapoa." Tukaenda. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta, na blauzi yangu ilibaki na doa ambalo halikutoka tena.

Ufukweni Mama alitupungia mkono kutoka mstari wa tatu, mkono mzima, kama anayeita meli.

Siku nzima nilikaa majini. Kila nilipotoka walikuwa pale, chini ya mwavuli mmoja, na Mama alikuwa anamweleza Baba kitu kirefu kuhusu jirani yetu na mbwa wake, na Baba alikuwa anasikiliza kweli. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anamsikiliza kama mtu anayeketi kwa raha nyumbani kwa watu, akijua saa ya kuaga.

*

Siku ya Kupalizwa Bikira Maria, hotelini huwa na karamu ya jioni. Bi Ersilia hutandika vitambaa vya meza vipya na kuweka ua jekundu kwenye kila glasi ya maua. Mwisho wa chakula yeye mwenyewe hupita meza kwa meza na chupa ya pombe tamu ya limau, anamimina kikombe kidogo kwa kila mtu mzima, na kuuliza swali moja tu: mwakani, kama kawaida? Mtu anaitikia, watu wa meza za karibu wanapiga makofi, Bi Ersilia anasonga mbele. Ni kama kuweka nadhiri. Mtu akiitikia hivyo, kesho yake huwa hana haja ya kupiga simu hata.

Kabla ya kengele, Mama alitoa gauni la kijani kabatini. Alikuwa amekata kile kikaratasi.

"Nisaidie zipu."

Nilisimama nyuma yake. Mgongo wake ulikuwa umeungua na jua, na alama nyeupe za mikanda ya nguo ya kuogelea.

"Mama," nilianza. "Baba ana..."

"Iko juu zaidi. Pole pole, isile kitambaa."

"Mama, Biella kuna..."

"Baba yako," alisema Mama, akijitazama kwenye kioo, "miaka ishirini na sita nimemfulia mashati, hajawahi kununua manukato. Sasa kola yake inanukia maua ya mlimau." Aliibana midomo yake juu ya karatasi laini. "Mimi si mjinga, Delia. Funga zipu."

Nilifunga. Akageuka, akaishika mikono yangu, yote miwili, akaibusu haraka, akasema, "Haya, twende kabla supu haijapoa."

Tulipoingia ukumbini Bwana Gualtiero alipiga mluzi.

"Jamani! Elvio, simama, mwanamume gani wewe! Malkia anaingia, na wewe unakula vijiti vya mkate!"

Baba alisimama. Alimtazama Mama, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo ningeomba nisingeiona, kwa sababu kulikuwa na upendo ndani yake, upendo wa aina ile ambayo mtu anaweza kuondoka nayo.

"Umependeza sana," alisema.

"Najua," alisema Mama, akaketi.

Tulikula. Sikumbuki kile tulichokula. Nakumbuka redio ya jikoni, na mtoto wa Bergamo akilia kwa usingizi, na kwamba nje ya dirisha fataki za mji wa jirani zilikuwa zimeanza, ndogo, za kimya, ng'ambo ya rasi. Yakaja matunda. Mama alichagua pichi kwa kuzibonyeza moja moja. Akamenya, ganda likashuka zima bila kukatika, akaliweka pembeni ya sahani. Akaikata vipande. Akavishika kiganjani, akanyoosha mkono kuelekea glasi ya Baba.

Baba aliweka kiganja chake juu ya glasi.

Hakufanya kwa ukali. Alikiweka pole pole, kama mtu anayefunika kikombe ili nzi wasiingie.

"Acha tu, Nives," alisema kwa sauti ya chini. "Usijisumbue."

Mama alibaki na vipande mkononi. Maji ya pichi yalikuwa yanamtiririka kwenye kifundo, kuelekea kwenye saa yake.

Na hapo hapo Bi Ersilia alikuwa amefika karibu na chupa yake ya limau. Alikuwa amemaliza meza ya Bwana Gualtiero, makofi yalikuwa bado yanalia. Alitutazama, mimi, Baba, mkono wa Mama, na nilimwona anageuka taratibu aturuke aende kwa watu wa Bergamo. Mungu ambariki kwa kule kugeuka.

"Ersilia! Unamruka nani?" alifoka Bwana Gualtiero, uso mwekundu kwa divai na furaha. "Dirishani pale! Waulize! Nataka kujua kama mwakani nitaibiwa tena karata!"

Watu walicheka, wakageuza viti. Bi Ersilia alirudi. Alimimina vikombe vitatu, akamwaga kidogo kwenye kitambaa kipya. Hakuuliza. Alisimama tu.

"Kama kawaida," alisema Baba. Alisema upesi, kwa uchangamfu, kama alivyosema kila mwaka, na alikwisha kuinua kikombe kuelekea meza ya jirani. Wengine wakaanza kupiga makofi.

"Hapana," alisema Mama.

Hakupaza sauti. Lakini ni neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisema pale kwa wakati ule, na makofi yalikatika ovyo ovyo, moja huku, moja kule.

"Nives," alinong'ona Baba. "Watu."

"Nawaona." Aliweka vipande vya pichi kwenye sahani, kimoja kimoja, akapangusa kiganja kwa leso. Kisha hakumtazama Bwana Gualtiero wala Bi Piera wala mimi. "Bi Ersilia, siku ile ulitaka kusema kitu nikakukatiza. Kiseme."

Bi Ersilia aliikumbatia chupa. "Bi Nives, si lazima."

"Basi nitakisema mimi. Nilipokupigia simu mwezi wa tatu, uliniambia, mumeo ameshapiga, Bi Nives, kila kitu tayari, kama kawaida. Nami nikakujibu, vizuri sana." Aligeuka kwa Baba. Shingo yake ilikuwa imeshika wekundu wa jua na wa kitu kingine. "Sikubadilisha mawazo, Elvio. Nauli ya kwenda kwa dada yangu nilikuwa nimeshalipia, nikaiacha ipotee. Nilijua utakuja. Nilijua utasafiri na sanduku lako, utakaa kwenye kiti hicho, na hutakuwa na ujasiri wa kuondoka mbele ya Gualtiero. Nikanunua gauni."

Hakuna aliyesogeza uma. Baba alikuwa bado ameinua kile kikombe kidogo, kama mtu aliyesahau kinashushwaje.

"Na najua kuna mtu, na najua umeshaamua, na Delia anajua, na kuanzia kesho Novara nzima itajua, na liwe." Sauti yake ilikatika, akaingoja irudi, na ilirudi ndogo, ya nyumbani, ile ambayo humwitia mtu aliye chumba cha pili. "Miezi tisa nimekutumia habari za bomba la maji kupitia mtoto. Sikuwa nikitaka kukwambia habari za bomba. Rudi nyumbani, Elvio."